Li Yuchun aliwakosea nini? Nimechoka na hii "taswira ya taifa"

Wakuu, leo nimeamka na hasira. Jana usiku hapa hosteli Changsha, China, tunasonga ugali, Mtanzania mwenzangu akanikuta nacheki klipu za Li Yuchun kwenye Super Girl ya 2005, lile shindano la kuimba la wasichana la televisheni ya Hunan, akaropoka, "hivi hili ni dume au jike? Ndo maana wakafungia, linachafua taswira ya nchi." Ugali ulinishinda.

Sasa sikieni. Li Yuchun alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa muziki kule Chengdu, nywele fupi, suruali, sauti nzito, nyimbo nyingi anazochagua ni za wanaume. Kasimama kaimba basi. Watu wakatoa hela yao wenyewe wakatuma meseji, zaidi ya kura milioni 3.5 kwenye fainali, mashabiki wake wakajiita Mahindi maana kwa Kichina neno la mahindi, yumi, linasikika kama "mashabiki wa Yu", wengine wanasimama barabarani wanaomba wapita njia simu zao wampigie kura. Mwezi Oktoba jarida la Time likamweka jaladani toleo la Asia. Hiyo taswira iliyochafuka ni ipi jamani??

Ila wazee wakaumia. 2006 Liu Zhongde, aliyekuwa waziri wa utamaduni, akasema serikali isiruhusu kabisa kipindi kile, kinaharibu vijana. 2007 serikali ikaja na masharti kwa shindano la wavulana, eti mashabiki wasipige mayowe na anayetolewa asionekane analia. Mtu katolewa asilie! Na 2011 ndo ilinimaliza, televisheni ya Hunan ikaambiwa mwaka unaofuata hakuna mashindano ya kuimba, wakatangaza wataweka vipindi vya maadili, usalama na maarifa ya KAZI ZA NYUMBANI. Mabinti walikuwa wanaimba, mnawatoa mnaleta habari za usafi wa nyumba.

Halafu Septemba 2021 kibao kikageuka kwa wavulana, vituo vikaamriwa kukomesha wanaume wa "kike kike", hereni na meikapu zikawa adui wa taifa. Na mwaka huohuo uchafu wa kweli ulikuwepo wazi, kura za shindano jingine la vijana zimefichwa kwenye vifuniko vya chupa za maziwa, mashabiki wananunua makatoni kwa makatoni wapate vifuniko, video ikaonyesha watu wanamwaga maziwa mtaroni. Hapo kukemea ni haki kabisa, nakubali. Lakini hereni ya mtoto wa watu imemwaga maziwa gani?

Na huyu mwenzangu ndo ananiuma zaidi kwa sababu tumetoka nyumbani kumoja. Fomu wani mpaka fomu foo nilinyolewa kipara mimi na wasichana wote wa shule yetu, tumepanga mstari asubuhi mwalimu anapitisha mkono kichwani kuona kama zimeota, na hakuna siku mtu aliniuliza mimi dume au jike. Nikamwambia hivyo hivyo mbele ya watu. Kachukua sahani yake kaenda chumbani, na mimi simsalimii mpaka alifute lile neno.