Gitaa la mtumba mnadani: eBay, Japani kwa wakala, au la hapa hapa Dar?

NyuziSita
Habarini wakuu. Natafuta gitaa la akustiki la mtumba kwa ajili ya kwaya, bajeti laki tisa hadi linifikie Tabata. Naona njia tatu: mnada wa eBay, mnada wa Yahoo wa Japani kupitia wakala, au makundi ya WhatsApp na Instagram ya hapa Dar. Naomba mnilinganishie usalama wa hela na hali ya gitaa, si bei peke yake.

Mnadani_Ubungo
Mkuu, jiulize kwanza: likifika limevunjika, nani anarudisha hela?

eBay ina dhamana, ila kwa masharti. Una siku 30 kuanzia tarehe ya mwisho ya makadirio ya kufika, kudai kama gitaa halijafika au haliko kama lilivyoelezwa. Shida ni kwamba wauzaji wengi wa magitaa hawatumi Afrika, kwa hiyo watu hutumia anwani ya wakala wa mizigo Marekani au Uingereza. Hapo dhamana inakufa. Kwa eBay, mzigo umefika ukipokelewa na wakala. Ukisafirishwa tena kwenda anwani nyingine, hawahusiki. Chuja wanaotuma Tanzania moja kwa moja, wakibaki watano chagua kati ya hao watano.

Lipa ndani ya eBay tu. Muuzaji akitaka mmalizane pembeni, au kwa PayPal ya ndugu na marafiki, achana naye, malipo hayo hayana ulinzi wa mnunuzi. Bei angalia kwenye kichujio cha vilivyokwisha kuuzwa. Dau weka mara moja, kikomo chako halisi, sekunde za mwisho. Ukianza siku tatu kabla unawapandishia wenzako bei.

Besi_Kinondoni
Japani ina Yamaha nyingi zilizotunzwa, na wauzaji wengi hupiga picha hadi za mikwaruzo. Ila mbinu ya sekunde za mwisho huko haifui dafu: muuzaji akiwa amewasha nyongeza ya muda, dau la dakika tano za mwisho linasogeza mnada dakika tano mbele. Faida ni saa. Mnada wa saa nne usiku Tokyo kwetu ni saa kumi jioni.

Tafsiri ya mashine isikudanganye. Ukiona ジャンク kwenye maelezo, linauzwa kama bovu na halirudishwi, hata kama picha inang'aa. Mawakala wengi wanatoa huduma ya picha gitaa likifika ghalani kwao. Ilipie, ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kuliona kabla halijapanda ndege.

Na yeyote anayetaka kuchukua na amplifaya: ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, umeme wetu 230. Bila transfoma ya kushusha, inaungua siku ya kwanza.

Fundi_Ilala
Kaka, njia yoyote utakayochukua, shingo ndiyo inayokula hela. Picha ya mbele haisemi kitu. Omba hizi:

Ya kwanza, rula ya milimita imesimamishwa kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyolazwa kwenye shingo), ionekane nafasi kati ya freti na uzi mnene. Gitaa la akustiki lililo sawa huwa na kama 2.5. Ikizidi 3.5, tazama mfupa unaobeba nyuzi kwenye daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa kwenye mwili wa gitaa: ukiwa umetokeza mrefu, fundi anaupunguza na kazi imeisha. Ukiwa umebaki milimita moja na nyuzi bado ziko juu, shingo inatakiwa kung'olewa na kugundishwa upya, kazi inayoweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo haitibu hilo. Inanyoosha mpindo tu, haibadilishi pembe ya shingo na mwili.

Ya pili, ukingo wa nyuma wa daraja. Muuzaji ajaribu kupitisha karatasi chini yake. Ikiingia, gundi imeachia.

Ya tatu, nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa, mwanga ukitoka ubavuni. Ufa uliogundishwa huonekana kama uzi mwembamba chini ya rangi. Gibson na magitaa ya mtindo huo hukatika hapo kwa sababu kichwa kimeinama na mbao imechimbwa kupitisha ile fimbo. Kifuniko cha fimbo hiyo kichwani kikiwa na skrubu tatu kwenye gitaa linaloitwa Gibson, ni la kughushi. Halisi lina mbili.

Mnadani_Ubungo
Niongeze nauli. Boksi la sentimita 115 × 48 × 20, ukizidisha vipimo hivyo na kugawa kwa 5000 kama kampuni nyingi za ndege zinavyofanya kutoza kwa ukubwa wa boksi, ni kilo 22. Gitaa lina kilo tano na kasha lake, wewe unalipia 22. Kwa laki tisa, Mkuu, nauli inakumaliza.

MamaAlto_Mbagala
Na forodha msiisahau. TRA wanapiga ushuru juu ya bei, nauli na bima kwa pamoja, halafu VAT ya 18% juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Muuzaji asikuandikie thamani ndogo: likipotea, fidia inafuata kilichoandikwa.

Kwa bajeti hii mimi nasema nunua Dar. Dhamana hakuna, ila unalishika. Usitume "hela ya kushikilia" kwa mtu usiyemwona. Kutaneni mchana sehemu yenye watu, piga kila uzi kwenye kila freti, ukisikia mlio wa kukwaruza freti imeliwa au imenyanyuka. Pitisha mkono ndani ya tundu: unyevu wetu wa pwani huachisha mbavu za ndani, vile vijiti vya mbao vinavyoimarisha ubao. Gonga ubao wa mbele kwa kidole; mbavu iliyoachia inatetemeka.

NyuziSita
Asante dada, asanteni wakuu. Basi naanza hapa Dar. Nikikosa, eBay wanaotuma moja kwa moja. Kwenye upakiaji nimwambie nini muuzaji?

Fundi_Ilala
Alegeze nyuzi hatua moja au mbili, asizitoe. Ajaze karatasi chini ya kichwa ndani ya kasha, kisha kasha likae kwenye boksi lenye sentimita tano za sponji kila upande. Likifika, rekodi video kuanzia boksi likiwa bado limefungwa, lebo ionekane, usikate video hadi umezungusha gitaa lote.