Naomba ushauri: maneno ya sayansi yananichanganya na mtihani umebaki wiki 5

Daftari_Langu:
Habari zenu wakuu. Zimebaki wiki 5 niingie kwenye mtihani wa sayansi, na kinachonisumbua si hesabu wala majaribio, ni maneno. Nimejaza daftari zima, maneno kama 200 kwa mpangilio wa alfabeti, kila neno na maana yake. Kila usiku nakariri kurasa mbili. Ukiniuliza neno la jana nakujibu bila kusita, lakini swali likigeuzwa kidogo tu napotea.

Kwenye zoezi la mwisho niliandika "uzito wa jiwe ni kilogramu 3", nikakosa. Nikaandika chumvi "imeyeyuka" ndani ya maji, nikakosa. Nikaandika seli huonekana kwa darubini, nikakosa tena. Na ndivyo tunavyosema siku zote! Niendelee na daftari hili au nibadilishe njia? Naombeni msaada, huu mtihani nautegemea sana.

Chaki_Nyeupe:
Pole mdogo wangu. Nimefundisha sayansi miaka mingi, na makosa yako yote matatu nayaona kila muhula. Angalia jambo moja: hujakosea elektroni, hujakosea molekuli. Maneno mageni unayaheshimu, unayasoma kwa makini. Umekosea yale uliyoyajua tangu utotoni, kwa sababu sayansi imeyachukua na kuyapa maana finyu zaidi, nawe bado unayatumia kwa maana ya nyumbani.

Tuanze na jiwe. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani ya dunia kukivuta kitu hicho, na hupimwa kwa nyutoni. Jiwe lako lina tungamo la kilogramu 3, na uzito wake hapa duniani ni nyutoni 29 na ushei. Ukilipeleka mwezini tungamo linabaki lilelile, lakini uzito unashuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Mtahini akiona "uzito" pamoja na "kilogramu" anajua hapo hapo kwamba hujatenganisha.

Chumvi nayo. Kuyeyuka ni yabisi kugeuka kimiminika kwa sababu ya joto, kama barafu au nta. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, kwa hiyo ndani ya glasi ya maji haiwezi kuyeyuka. Imemumunyika, yaani chembe zake zimetawanyika katikati ya chembe za maji. Mkumbuke mtoto anayemumunya peremende, neno ni lilelile.

Darubini huvuta vitu vya mbali, kama nyota. Vidogo visivyoonekana kwa macho, kama seli, ni kazi ya hadubini.

Ushauri wangu: vunja alfabeti. Alfabeti inaweka "joto" ukurasa mmoja na "halijoto" ukurasa mwingine, wakati ndiyo maneno yanayopaswa kukaa bega kwa bega. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda chenye halijoto ndogo. Kikombe cha maji yanayochemka kina halijoto kubwa kuliko ziwa, ila ziwa limebeba nishati nyingi mno kuliko kikombe. Ukiweza kulieleza hilo kwa maneno yako, umeyajua yote mawili. Fanya hivyo kwa kazi na nishati pia. Kusukuma ukuta usiosogea mchana kutwa kutakuchosha hoi, lakini katika fizikia hujaufanyia ukuta kazi yoyote, maana kazi inahitaji kani na umbali.

Nuru_ya_Asubuhi:
Naongezea kwa Mwalimu hapo juu. Mimi kilichoniokoa ni kuyapasua maneno. Usanisinuru lilinitisha mpaka nilipoliona kuwa ni usanisi na nuru: kuunda kitu kwa msaada wa mwanga. Nikishajua hivyo siwezi kusahau kwamba mmea unatumia mwanga, maji na kabonidayoksaidi kutengeneza chakula na kutoa oksijeni. Kipimajoto kinajieleza chenyewe. Nadharia tete vilevile: wazo ambalo bado ni tete, halijapimwa kwa jaribio. Nikiona "tete" najua bado hatujafika kwenye hitimisho.

Si kila neno linapasuka, usilazimishe. Atomu kariri tu.

Mpita_Njia77:
Vipi kuhusu vitabu kutofautiana? Kimoja kinasema hewaukaa, kingine kabonidayoksaidi. Mwenzenu nilibabaika sana na hilo.

Chaki_Nyeupe:
Ni kitu kimoja. Shika neno la kitabu mnachofundishiwa, na hilo lingine ulitambue tu ukikutana nalo. Usichanganye yote mawili kwenye jibu moja, msahihishaji anaweza kudhani unazungumzia gesi mbili.

Kalamu_Haikauki:
Dada au kaka mwenye uzi, kuna maneno ambayo nina hakika hayamo kwenye daftari lako: yale ya kwenye swali lenyewe. Taja, eleza, tofautisha. Wengi tunayapita haraka. "Taja" inataka majina tu, ukiandika aya nzima unapoteza muda. "Eleza" inataka sababu au namna jambo linavyotokea. "Tofautisha" inataka pande zote mbili. Ukieleza mamalia ukaacha reptilia, umejibu nusu. Nilipoteza alama nyingi kwa hili kuliko kwa neno lolote gumu, na bado linaniuma.

Halafu usirudie kurasa zilezile usiku mmoja mara kumi. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha matokeo: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kurudia kwa kuachanisha siku kunashikilia kumbukumbu vizuri zaidi. Rudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Na ufunike maana kwanza, ujaribu kuikumbuka kabla hujachungulia.

Daftari_Langu:
Asanteni sana, kweli mmenifungua macho. Ni siku 8 tangu niandike. Nimeanza daftari jipya la jozi, nina jozi 31. Naomba mnisahihishe hizi nilizoandika bila kuangalia:

Barafu huyeyuka, chumvi humumunyika. Tungamo kilogramu, uzito nyutoni. Popo ni mamalia kwa sababu huzaa na kunyonyesha, ingawa anaruka. Mvukizo ni maji kugeuka mvuke yanapofika nyuzi 100.

Chaki_Nyeupe:
Tatu za kwanza safi kabisa, nimefurahi. Hiyo ya mwisho umeeleza mchemko, na hata huo hufika nyuzi 100 kwenye kanieneo (mgandamizo wa hewa) la kawaida la usawa wa bahari. Juu mlimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mvukizo hutokea juu ya uso wa maji tu, kwenye halijoto yoyote. Ndiyo maana nguo mbichi hukauka kwenye kamba bila kuchemka. Iandike upya, iwe jozi yako ya 32: mvukizo na mchemko.

Daftari_Langu:
Nimeiandika, Mwalimu. Kesho nairudia.