Tuliosoma shule za masista Nyanda za Juu Kusini, tupeane uzoefu

Hodi jamani. Shule niliyosoma inakaribia jubilei, na kamati imenitupia kazi ya kuandika historia yake. Nimepewa daftari la parokia. Humo wamo maaskofu, mapadre na tarehe ya kubariki kengele. Wasichana hawamo.

Ya jumla ninayo: Wabenediktini wa Ujerumani walifungua misheni Tosamaganga, karibu na Iringa, mwishoni mwa karne ya 19, Vita vya Kwanza vikawaondoa, na mwaka 1919 wakaingia Wakonsolata, wamisionari kutoka Italia. Baadaye wakafuata masista wao, shirika alilolianzisha padre Giuseppe Allamano kule Torino mwaka 1910 (ndiye huyu aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024). Kisha Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za misheni zikawa za serikali. Hayo yanajaza ukurasa mmoja. Nyingine nileteeni ninyi. Majina ya shule na ya masista tuyaache, wengine bado wapo hai.

Naanza mimi. Mwaka 1983 nilishuka Tazara usiku pale Makambako, nikadandia lori la mbao hadi Njombe, enzi hizo bado mkoa wa Iringa. Sista alifungua tranka langu akapekua hadi chini. "Jembe liko wapi?" Kwenye fomu liliandikwa, baba akadhani ni utani wa Wazungu. Nikaazimwa la stoo. Mpini wake ulikuwa umechongwa herufi za waliolishika kabla yangu, nikahesabu kumi na moja. Nami nikachonga zangu kwa msumari.

Bibi wa Kihesa: Kamwene mwanangu. Mimi nilikuwa kidato cha pili serikali ilipochukua shule. Wengi mnadhani masista walifukuzwa siku hiyo. Kwetu hapana. Tulirudi kutoka likizo tukakuta mkuu wa shule ni mwalimu mwanamume aliyevaa suti ya Chou En-lai, na sista aliyekuwa mkuu amepewa kipindi cha ushonaji. Ofisi alihama, akaenda chumba cha jirani. Shida yetu ilikuwa mazoea: ukiumwa, ukifiwa, unabisha kwake. Anakusikiliza mpaka mwisho, halafu ananyoosha kidole kwenye mlango wa pili. Hakuwahi kusema neno baya kuhusu yule mwalimu. Ila funguo za ghala la chakula alibaki nazo yeye muda mrefu sana, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Binti Mbarali: Mimi Mwislamu. Baba alinipeleka kwa masista kwa sababu, alisema, huko geti linafungwa. Mwaka wa kwanza Ramadhani ilinikuta peke yangu bwenini. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu nikakuta chupa ya chai chini ya kitanda, ndani uji wa moto. Ikawa hivyo hadi mwezi ukaandama. Nilikuja kujua ni sista wa jikoni, yule mkali aliyetunyima ukoko.

Kijana wa Seminari: Na sisi wa jirani tusisahaulike! Wasichana tuliwaona mara mbili kwa mwaka, yaani Pasaka na sikukuu ya somo wa parokia; Krismasi hayumo mtu. Mistari miwili, masista katikati kama kingo za barabara. Barua tulipenyeza kwenye kitabu cha nyimbo.

Mkinga Halisi: Mnasifia tu. Mimi nilivalishwa kibao shingoni wiki nzima kwa kuongea Kikinga, tena nilikuwa namtuliza mdogo wangu aliyekuwa analia. Kuoga saa kumi na moja alfajiri na barafu kwenye majani, hilo nimesamehe. Kibao bado.

Mama Ludewa: Mkinga, asante kwa kufungua mlango. Mimi nililala kitanda cha juu, rafiki yangu cha chini. Muhula wa pili kidato cha tatu walitupima sote mimba, foleni moja, mlango wazi. Usiku ule aliondolewa. Tranka lake lilikaa siku tatu, kisha likaja kuchukuliwa na kaka yake, hatukuruhusiwa kumsalimia. Asubuhi sista alisoma majina kwenye foleni ya uji, akaliruka lake kama halijawahi kuwepo. Ndiyo, ilikuwa kanuni ya nchi nzima, si ya masista tu. Ruhusa ya kuwarudisha shuleni imekuja Novemba 2021. Yeye sasa ana wajukuu wanne, anauza viazi sokoni, na hesabu anakokotoa kichwani kuliko mimi niliyemaliza. Mwandishi, kwenye historia yako utamweka?

Mwanzisha mada: Mama Ludewa, namtaka awemo. Herufi zake zipo kwenye ule mpini? Alilima na jembe la stoo?

Mama Ludewa: Alilima. Ila kuandikwa jina, ngoja nimuulize. Jumamosi naenda sokoni.