Naomba ushauri: zambarau na vitunguu kwa mama mwenye Parkinson

Habari zenu wapendwa. Tupo Ujiji, Kigoma. Mama ana ugonjwa wa Parkinson (wa neva, unaoleta kutetemeka), anatumia dawa ya levodopa. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado inamwagikia khanga, naumia sana.

Nimesoma kuwa flavonoidi (kemikali za asili za mimea), kama kwesetini ya vitunguu vyekundu na anthosianini inayoyatia matunda ya zambarau rangi, zimeonekana kulinda seli za neva za panya maabara. Kwa binadamu bado si tiba, kwa hiyo kuacha dawa sikubali.

Kuna aliyemuuguza mzazi hivi? Jirani anamshawishi anunue vidonge vya kwesetini, mimi naona vyakula vinatosha. Na dagaa tumpe saa ngapi? Protini hupunguza levodopa kufyonzwa, naye bila dagaa hashibi.