Homolojia haina rula: inawezaje kulinda umbo?

Muuliza swali, Dodoma
Habari za jioni, walimu wangu na wanafunzi wenzangu. Ninasoma hisabati ngazi ya uzamili hapa Dodoma, na kuna jambo limenikwamisha. Homolojia, chombo cha topolojia (hisabati ya maumbo isiyojali umbali), hulitazama umbo kama udongo wa mfinyanzi: ukilivuta bila kulichana, majibu yake hayabadiliki, kwa kuwa inahesabu matundu tu. Lakini theoremu ya Mostow ya mwaka 1968 inasema kwamba nafasi mbili za haipaboliki (zilizopinda kama tandiko kila mahali, kwa kiasi kile kile) zilizofungika (zenye ukubwa wenye mwisho, bila kingo), zenye vipimo (dimensheni) vitatu au zaidi, makundi yao ya vitanzi (njia zinazorudi zilikoanzia, na jinsi zinavyounganika) yakiwa sawa, basi hata umbali ndani yake ni ule ule. Ukakamavu huo, ambao naufananisha na kenchi iliyopigiwa mbao za mshazari, unapatikanaje kwa chombo kisicho na rula kama homolojia?

Jibu, Singida
Ndugu, rula ipo, ila imejificha kwenye vizidishi, yaani namba zinazozidisha kila kipande cha umbo. Chukua kipengele cha homolojia kinachowakilisha nafasi nzima, ukiandike kwa namba halisi kama jumla ya simpleksi (pembetatu, piramidi ya pembetatu, na mfano wake katika vipimo zaidi), kisha ujumlishe ukubwa wa vizidishi bila kujali alama zao. Kiwango cha chini ambacho jumla hizo hukikaribia huitwa ujazo wa simpleksi, nacho ni cha topolojia tupu. Mwanahisabati Gromov alionyesha kwamba katika nafasi ya haipaboliki ujazo wa kweli ni kiwango hicho mara v, ambapo v ni kikomo cha juu cha ujazo wa simpleksi moja. Katika vipimo vitatu ni takriban 1.0149. Torasi (umbo la donati) haina kikomo cha aina hiyo: inaweza kujifunika yenyewe mara nyingi upendavyo, hivyo kiwango chake ni sifuri.

Muuliza swali
Nashukuru sana, mwalimu. Hata hivyo, kulingana ujazo si kulingana umbo. Nyuso zote za haipaboliki zenye matundu mawili zina eneo 4π, lakini maumbo yake hutofautiana kwa vigezo 6.

Jibu, Kondoa
Umegusa kiini chenyewe. Ujazo ukiwa sawa, ramani kati ya nafasi hizo, ikifuatwa hadi kwenye mpaka wa mbali (pointi zilizo mbali bila mwisho), hulazimika kupeleka vilele vya simpleksi yenye ujazo v kwenye vilele vya nyingine yenye ujazo v. Katika vipimo vitatu, simpleksi hiyo ni ile tu yenye pembe zote sawa (Haagerup na Munkholm walithibitisha hivyo kwa vipimo vyote mwaka 1981). Kila uso wake una simpleksi mbili tu za namna hiyo, moja kila upande. Basi ukiakisi uso baada ya uso, ramani inabanwa mpaka isibaki nyingine ila isometria, yaani ramani inayohifadhi umbali. Katika vipimo viwili, kila pembetatu yenye vilele kwenye mpaka wa mbali ina eneo π, kwa hiyo sharti hilo halibani kitu.

Mfano wa kenchi ningeutumia kwa tahadhari. Mbao ya mshazari huzuia umbo lisiyumbe kidogo kidogo, ilhali Mostow anakataa umbo lingine lolote, hata lile lililo mbali kabisa na la kwanza.