Siku mbili mjini na rafiki: makumbusho, maigizo na misosi. Tupeane uzoefu

Binti Ngarenaro

Wadau habari zenu. Mambo ya mbuga na fukwe tumeshaandikiana mpaka basi. Leo naomba tupeane uzoefu wa zile safari fupi za mjini: wewe na rafiki mmoja, siku mbili au tatu, mchana makumbusho, usiku maigizo, katikati yake misosi. Mlikwenda mji gani, mliona nini, na mlinuniana wapi? Hilo la mwisho msiliruke. Watu wawili wakilala chumba kimoja siku mbili bila kununiana hata kidogo, ujue mmoja kanyamaza tu.

Naanza na yangu. Mwaka jana mwezi wa nane mimi na shosti wangu tulipanda kosta ya alfajiri hapa Arusha kwenda Nairobi. Namanga hatukukaa sana, siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea, unagongewa wa kuingia. Kilichotukalisha ni foleni ya Mlolongo. Tulifika tumekunjamana kama nguo za ndani ya begi, tukala chapati na maharage (wenyewe wanaita chapo madondo), tukalala.

Jumamosi asubuhi tukaenda Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Sasa shosti wangu ni mwalimu wa baiolojia, na hilo ndilo lililoniponza. Mimi ni mtu wa kupita: nikiona kitu kizuri nasimama, halafu twende. Yeye anasoma kila kibandiko mpaka jina la aliyekiokota kitu chenyewe. Uani kuna sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alitoa amri alindwe na askari usiku na mchana. Alikufa kwa uzee mwaka 1974, na mifupa yake imehifadhiwa pale. Kwa Ahmed tulikwenda sawa. Balaa lilianzia chumba cha mabaki ya watu wa kale. Kuna mifupa ya mtoto wa kiume iliyopatikana upande wa Ziwa Turkana mwaka 1984, aliyeiona wa kwanza ni Kamoya Kimeu, na umri wake ni kama miaka milioni moja na nusu. Shosti akaganda pale. Nikaenda chooni nikarudi, yuko pale pale. Nikaenda kutazama picha alizochora Joy Adamson za watu wa makabila ya Kenya, nikarudi, yuko pale pale, na sasa anamsomesha mtoto wa watu habari za meno.

"Huyu alikuwa bado mtoto," akaniambia, "lakini ona kimo chake. Kanifikia mimi mtu mzima."

Nikamwambia njaa inauma. Akasema bado bustani ya nyoka. Hapo ndipo tuliponuniana. Tulitoka getini kila mtu na simu yake.

Aliyetupatanisha ni simba. Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni ya zamani, na humo kuna behewa la kizungu la zamani, la mbao. Mwaka 1900, pale Kima, simba alikuwa anawasumbua watu wa reli. Ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, akaamua kumvizia usiku ndani ya behewa hilo, yeye na wenzake wawili. Ikafika zamu yake ya kukesha, usingizi ukampitia. Simba akaingia, akamkamata, akatoka naye dirishani. Shosti akanyoosha mikono miwili kupima lile dirisha kwa mbali, akanigeukia: "Simba na mtu mzima, kwa pamoja, hapa?" Hatukuwa tumeongea saa nzima. Tukabishana juu ya dirisha mpaka tukasahau kama tulinuna.

Tukaenda kula Kenyatta Market. Unachagua nyama mwenyewe ikiwa inaning'inia, inapimwa, inaingia motoni, na wewe unasubiri. Na kusubiri ni kusubiri kweli, msidanganywe na "dakika kumi tu". Ikija inakuja juu ya ubao, jamaa anaikatakata mbele yako, pembeni anamwaga kichuguu cha chumvi, unachovya. Ugali na kachumbari juu yake. Vidole viling'aa mafuta mpaka nikashindwa kufungua simu kuangalia saa, na saa zilikuwa zimekwenda.

Tiketi zetu zilikuwa za jioni ile ile, Kenya National Theatre, lile jumba lililofunguliwa mwaka 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk. Tumeingia watu wameshaanza, tunanuka moshi wa nyama, tunapapasa viti gizani. Jukwaani ni matanga, ndugu wanagombania mali. Mwigizaji mmoja, mzee wa kofia, akatuona, akasimamisha mazungumzo akasema kwa upole kabisa: "Poleni na safari. Mzee tumeshamzika." Ukumbi mzima ukatugeukia. Shosti, mwalimu, mtu wa watu, akajibu: "Poleni na nyie." Nilitamani sakafu inimeze. Baadaye nilicheka mpaka machozi, lakini baadaye.

Haya, zamu yenu.

Chapati Mbili

Dada umenifurahisha. Swali la mbahili: gharama?

Binti Ngarenaro

Kilichotula ni teksi, si kingine. Viingilio ni vya kawaida, ila beba kitambulisho chako: makumbusho ya Kenya watu wa Afrika Mashariki wana bei yao, tofauti na mgeni wa mbali. Chumba tulichangia. Nyama usiulize.

Kibarua wa Mwendokasi

Yangu ni ya Dar na sikutoka hata nje ya mkoa. Rafiki yangu wa Bukoba alikuja kwa siku mbili, nikamwambia kesho saa nne tukutane Makumbusho. Mimi nikawahi Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa, nikakaa chini ya mti. Saa nne na nusu napiga simu.

"Niko hapa muda mrefu," anasema, "nimezungukwa na mabasi."

"Mabasi gani? Hapa kuna magari ya Mwalimu Nyerere."

"Kaka, hapa kuna magari ya Mbagala."

Wenyeji mshaelewa. Alisikia konda anaita "Makumbusho, Makumbusho!", akapanda, akashukia stendi. Kosa langu. Stendi ile imechukua jina la Kijiji cha Makumbusho kilicho hapo hapo barabara ya Bagamoyo, kwa hiyo nikamwambia tulia, nakuja mimi. Tukaanzia Kijijini, na nashukuru. Kuna nyumba za asili za makabila, na alipofika kwenye msonge wa Kihaya akaukagua kama fundi aliyekuja kudai hela yake. Akainama akaingia, akakaa humo kimya. Alipotoka akasema bibi yake alifia kwenye nyumba kama ile, na sehemu ya moto ilikuwa pale pale. Sikuwa na la kusema. Nikamnunulia maji.

Mjini tulikwenda kesho yake, tukamwona Zinjanthropus, lile fuvu la kiumbe wa kale alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Sawa, lakini msonge ndio uliobaki.

Maigizo hatukupata. Dar ukitaka mchezo wa jukwaani lazima uanze kuulizia wiki mbili kabla, na hilo linaniudhi, mji mkubwa hivi.

Shemeji wa Wandegeya

Kampala wenzangu. Mimi na mwenyeji wangu, Mganda niliyesoma naye chuo. Mchana Uganda Museum, iliyoanza mwaka 1908, hakuna kongwe kuliko hiyo Afrika Mashariki. Msikose upande wa ala za muziki: ngoma za kila ukubwa, amadinda (marimba ya mbao), adungu (kinubi cha nyuzi). Tulimkuta mtu wa pale akatupigia amadinda kidogo, na mimi nikapewa vijiti nijaribu. Nilichopiga mimi hakina jina.

Usiku National Theatre, vichekesho, Kiluganda mwanzo mwisho. Sijui Kiluganda zaidi ya kusalimia. Mwenyeji wangu ananinong'oneza tafsiri, ila yeye mwenyewe akianza kucheka tafsiri inakatika. Kwa hiyo ukumbi unacheka, unanyamaza, halafu nacheka mimi peke yangu. Ikawa mara ya tatu, ya nne, watu wa mstari wa mbele wakaanza kunisubiri.

Kununiana: boda. Yeye anataka mishikaki, watatu kwenye pikipiki moja, na dereva mwenyewe anakimbia. Nilikataa, nikatembea kwa miguu hadi Wandegeya nikiwa nimefura. Nikakuta ameshaniagizia rolex, mayai mawili na kabichi ndani ya chapati iliyoviringishwa, bado ya moto. Yakaisha.

Mwanamji wa Mvita

Mwataka mji wa siku mbili, mwaja Mombasa. Asubuhi mbaazi na mahamri, kisha Ngome ya Yesu kabla jua halijawa kali. Mreno aliianza mwaka 1593, na Waomani walipoitaka waliizingira tangu 1696 hadi 1698. Takriban miaka mitatu watu wafungiwa humo ndani, na mgeni wangu kutoka Nairobi nusu saa tu yuaniuliza twatoka lini, kuna joto! Nikamchukua barazani kwenye upepo, tukatazama bahari. Jioni ufukweni Mama Ngina, muhogo wa kuchoma wa ndimu na pilipili, viazi karai na ukwaju. Akala sahani tatu akasema yeye hapendi pilipili. Kununiana hatukununiana. Mimi ndiye niliyenyamaza.

Nyumbani Mbali

Nimesoma habari ya behewa la Kima nikaona lazima niandike, maana wale simba wengine, wa Tsavo, wako huku Marekani, na mimi nimewaona.

Naishi Indianapolis. Rafiki yangu ni wa Voi, tunafanya kazi zamu moja. Tukapata Jumamosi na Jumapili za pamoja, jambo adimu, tukapanda basi kwenda Chicago. Mpango wangu ulikuwa maigizo. Mpango wake ulikuwa mmoja tu: Field Museum. Ukiingia unakutana na dinosaria wakubwa ajabu, huyo Sue anayesifiwa duniani kote yumo humo, watu wanapanga foleni kupiga naye picha. Mwenzangu akampita kama anampita mlinzi wa geti. "Simba wako wapi?"

Wako wawili, ndani ya kioo. Ndio waliokuwa wakila wajenzi wa reli pale Tsavo, wakapigwa risasi na mhandisi Patterson mwishoni mwa 1898. Ngozi zao alizifanya mazulia nyumbani kwake miaka ishirini na zaidi, kisha akaziuzia makumbusho hayo mwaka 1924. Ni madume lakini hawana manyoya ya shingoni, na ni wadogo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ngozi zilikuwa zimekatwa na kuchakaa. Rafiki yangu alisema babu yake alikuwa akiwatishia watoto kwa hao simba ili wasitoke usiku. Akasogeza uso mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi, akawasalimia kwa Kitaita. Mama mmoja wa Kizungu akatuuliza anasema nini. Akamjibu kwa Kiingereza, "Nawauliza wanarudi lini."

Maigizo tuliingia usiku, tiketi za nusu bei za siku ile ile, viti vya juu kabisa, waigizaji wanaonekana vipara tu. Alilala. Nilinuna, ndiyo, hadi kwenye piza, ile nene ya Chicago inayokaa kwenye oveni karibu saa nzima. Ilipofika akaikata ya kwanza akaniwekea mimi.

Chapati Mbili

Huyo wa Voi namwombea maisha marefu.

Binti Ngarenaro

Nimemsomea shosti hii ya Chicago, kanyamaza kidogo, halafu akauliza kama vibandiko vyao ni virefu.

Ila kilichomkaa ni Kampala. Anataka Desemba, shule zikifungwa. Nimempa sharti: makumbusho yasizidi saa mbili, nahesabu. Kanijibu, "Vitu vya tangu 1908, saa mbili?" Tumevutana mpaka tumefika saa tatu na nusu, na bado hatujaafikiana kama kula kunahesabiwa humo au la. Shemeji wa Wandegeya, basi la kutoka Arusha linaingia Kampala usiku au asubuhi? Na vichekesho ni Jumamosi tu, au na Ijumaa vipo?