Wapangaji wa Lubumbashi, tupeane uzoefu: garanti na kufukuzwa nyumbani

Jambo yenu wote. Sheria ya upangaji ya nchi yetu, Kongo (DRC), namba 15/025, iko tangu 31 Desemba 2015, na kwa nyumba ya kukaa inasema garanti, ile pesa ya dhamana unayompa mwenye nyumba unapoingia, isipite miezi 3 ya kodi. Sasa tafuta nyumba Bel-Air, Golf au hata Katuba: unaombwa miezi 6, tena kwa dola, na juu yake mwezi mmoja wa komisionere, yaani dalali wa nyumba. Pesa ya migodi imepandisha bei, nakubali, lakini haikufuta sheria. Kwa hiyo tuelezane: nani aliishika sheria hii ikamsaidia, na nani ilimponyoka mkononi? Majina ya watu tuyaache.

Mama wa Katuba: Mimi nilifukuzwa bila kuambiwa "toka". Kwanza mwenye nyumba alipandisha kodi, nikakataa kwa sababu mwaka haujaisha. Akakata waya wa umeme. Kisha akaleta fundi kung'oa mabati ya upande wa jikoni, eti anatengeneza, na mvua za Desemba zimeshaanza. Nilienda kwa chefu wa kartie, kiongozi wa mtaa. Alitusikiliza wote wawili, akaniambia: "Mama, tafuta tu pengine, utaishi vipi na mtu asiyekutaka?" Jirani ndiye aliyenipeleka tribunali (mahakama) ya amani, maana kesi za nyumba ni zake. Kule swali la kwanza lilikuwa: risiti ziko wapi? Za kodi nilikuwa nazo. Ya garanti hapana, nilimpa mkononi, bila sahihi. Kwa kodi nilisikilizwa, mwenye nyumba akaambiwa hana haki ya kumtoa mtu yeye mwenyewe. Garanti yangu mpaka leo inanizungusha. Dada zangu, nawaomba, msitoe garanti bila karatasi, hata kama mwenye nyumba ni wa kanisa lenu.

Komisionere wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: Bei na garanti anapanga mwenye nyumba, si sisi. Nikimwambia miezi 3, anampa nyumba komisionere mwingine.

Mwanafunzi, Kasapa: Sisi wa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) tunaokaa nje ya kampasi hatujui hata kama kuna kontra, yaani mkataba. Tunalipa kwa chumba, watatu au wanne pamoja. Mmoja akikosa, wote mnatolewa vitu nje.

Mwenye parseli (kiwanja chenye nyumba), Ruashi: Wapendwa, mnisikilize na mimi. Ni mjane, nyumba mbili za uani ndizo zinasomesha watoto. Mpangaji alikaa bila kulipa, garanti ikaisha, akahama usiku na taa zangu akabeba. Ndiyo maana tunaomba miezi mingi. Kama tribunali ingesikiliza haraka, mimi miezi 3 ingenitosha.

Aliyeanzisha mada: Mama wa Ruashi, asante sana, hofu yako ni ya kweli na haidharauliwi. Hata wewe sheria inakulinda, ila nayo inataka karatasi: kontra, na maelezo ya hali ya nyumba siku mpangaji anaingia, taa kwa taa, kioo kwa kioo, sahihi za wote wawili. Bila hayo huwezi kuthibitisha taa zako.

Kuna jambo linaniuma. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba, ule IRL, ni wa jimbo, na maajenti wake wanapita mpaka mlangoni kuuliza unalipa ngapi. Wanazijua nyumba zetu moja moja. Mbona hawaulizi garanti ilikuwa miezi mingapi? Wengi wanakataa kuandika kontra kwa kuogopa ushuru huo, na mpangaji ndiye anabaki mikono mitupu. Habitat, ofisi ya mambo ya nyumba ya komini, na watu wa IRL wakikaa meza moja, wakadai kontra yenye garanti iliyoandikwa, sheria itaanza kuonekana Katuba, si Kinshasa tu.

Baba wa Kampemba: Mimi ilinisaidia. Niliichapisha ile sheria, nikaiweka mezani tukijadili bei. Mwenye nyumba, mzee wa heshima, alisoma kimya, akasema hakuwahi kuiona. Tulikubaliana miezi 3, na kodi ya kwanza nikalipa mapema ili asiwe na wasiwasi.

Mama wa Katuba: Baba, hiyo karatasi tutumie hapa. Niko na dada anatafuta nyumba wiki hii.